Aliyemzaa, Anayemlea, Anayemwona

Aprili 2018, wanawake walifurika katika ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Ilala Boma. Paul Makonda, aliyekuwa na wadhifa huo wakati ule, alikuwa ametangaza kwamba mama yeyote aliyeachiwa mtoto na baba asiyetoa matunzo afike asikilizwe na wanasheria pamoja na maofisa ustawi wa jamii. Wakaja, siku baada ya siku, watoto mgongoni na wengine wameshikwa mkono, huku kamera za televisheni zikiwamulika kina mama na wanao.

Nchi nzima ilijadili idadi ya waliojitokeza na majina ya wanaume waliotajwa. Jambo ambalo halikujadiliwa sana ni kwamba Sheria ya Mtoto ilikuwa tayari na umri wa miaka 9. Kila alichokuwa akikidai mama aliyesimama juani pale Ilala kilikuwa kimeandikwa na kupitishwa na Bunge tangu 2009. Mama yule hakuwa akiomba hisani ya kiongozi. Alikuwa akidai haki ya mtoto, na alikuwa hajaiona njia iliyo wazi ya kuifikia kutoka mtaani kwake.

Sura hii inahusu njia hiyo. Inahusu pia watu wazima wa aina tatu ambao sheria za Afrika Mashariki zinawabebesha mtoto: aliyemzaa, anayemlea, na yule ambaye hakumzaa wala hamlei lakini anamwona anavyoishi.

Aliyemzaa

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataja kwa majina vitu ambavyo mzazi hana ruhusa ya kuvikwepa: chakula, malazi, mavazi, matibabu ikiwemo chanjo, elimu na maongozi, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Hicho cha mwisho wengi hawakitarajii. Lakini kimo, katika orodha moja na ugali na dawa, na mzazi anayemnyima mtoto muda wa kucheza anakiuka sheria ileile inayomkataza kumnyima chakula. Adhabu ya kukiuka wajibu huo ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kabla ya hapo hali ilikuwa nyingine. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alishughulikiwa na sheria ya enzi ya ukoloni iliyoweka kiwango cha juu ambacho baba angeweza kuamriwa kulipa: shilingi 100 kwa mwezi. Miaka ilipita, bei ya unga ikapanda, noti na sarafu zikabadilika, na shilingi 100 ikabaki palepale kwenye vitabu vya sheria mpaka ilipofutwa na sheria ya 2009. Mama aliyekwenda mahakamani miaka ya 2000 angeweza kushinda kesi na akatoka na amri isiyotosha hata nauli ya kurudia nyumbani.

Sasa hakuna kiwango kilichopigwa mhuri. Mahakama inatakiwa kupima kipato na mali za baba na za mama, majukumu waliyonayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Hilo la mwisho lina maana kubwa. Matunzo ya mtoto anayekaa Sinza kwenye chumba cha kupanga hayawezi kulingana na ya mtoto wa Namtumbo ambaye mahindi yanatoka shamba la nyuma ya nyumba. Aidha, anayeruhusiwa kuomba amri hiyo si mama peke yake. Baba anayelea anaweza kuomba, mlezi anaweza, ndugu anaweza, afisa ustawi wa jamii anaweza.

Namna shauri linavyokwenda ni hivi. Mama anaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kata, anapewa barua, anakwenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Afisa anamwandikia baba wito. Akifika, watatu hao wanakaa. Mezani kuna kadi ya kliniki ya mtoto, na mara nyingi risiti za dawa au karatasi ya michango ya shule ambayo mama ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki. Afisa anauliza maswali ya kawaida kabisa: mtoto anakunywa maziwa kiasi gani, sare ilinunuliwa lini, nani alimpeleka hospitali mara ya mwisho. Baba aliyekuja na hasira za ugomvi wa mapenzi anajikuta akijibu kuhusu maziwa. Wengi hukubaliana hapo hapo, kiasi cha mwezi kikaandikwa, na wote wakasaini. Wasipokubaliana, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na hakimu anaweza kumwagiza afisa aandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kutoa uamuzi.

Je, baba akikana? Sheria inataja ushahidi wa aina tano wa kuthibitisha uzazi: ndoa halali kati ya wazazi, jina la mzazi kwenye daftari la vizazi, baba kumfanyia mtoto sherehe ya kimila, kumkubali mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Mitaani watu wanaijua ile ya tano tu. "Tukapime DNA" imekuwa kauli ya kufunga mjadala, ilhali kipimo hicho hakipatikani kwa mtu kujiendea maabara kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia mamlaka kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Mwanamume aliyemfanyia mwanawe sherehe ya kumpa jina mbele ya wazee, au aliyemtambulisha kanisani, msikitini na kazini kuwa ni damu yake, ameshaacha ushahidi ambao hauhitaji kuchovya pamba mdomoni mwa mtoto.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi kufika mahali hapohapo. Sheria yake ya Watoto ya 2001 iliweka wajibu wa awali kwa mama peke yake iwapo wazazi hawakuoana. Baba aliingia tu kama aliishi na mama kwa jumla ya miezi isiyopungua 12 baada ya mtoto kuzaliwa, au alikubali kuwa mtoto ni wake, au alikuwa amewahi kumtunza. Ukiitazama vizuri, sheria hiyo ilimbana baba aliyejitokeza na kumwacha huru aliyekimbia. Aliyepeleka pakiti ya maziwa alijifunga mwenyewe. Aliyezima simu alikuwa salama. Mwaka 2006 kifungu hicho kilipingwa mahakamani kwa madai ya ubaguzi, na mahakama ikakiacha kisimame.

Kilichogeuza mambo ni Katiba ya 2010. Ibara ya 53 ilisema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au la. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikatamka kwamba vile vifungu vya 2001 vinapingana na Katiba. Ikabaki karatasi moja ndogo yenye uzito mkubwa: cheti cha kuzaliwa. Mama asiyeolewa hakuweza kuandikisha jina la baba bila baba kuridhia, na mahali pa jina hilo palijazwa herufi X. Mtoto alikua na X hizo. Alizipeleka shuleni siku ya kuandikishwa, akazipeleka tena alipokwenda kuomba kitambulisho. Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu kilichoruhusu hali hiyo kilikuwa kinyume cha Katiba. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikamalizia kazi kwa kuwawekea wazazi wote wawili wajibu sawa.

Pwani ya Kenya suala hili linaingia pia kwenye mirathi. Juni 2025, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba watoto wa marehemu Mwislamu hawawezi kuenguliwa katika urithi wa baba yao kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa inayotambulika. Wapo wanazuoni waliopinga kwa nguvu, kwa hoja kwamba nasaba na mirathi katika Uislamu zina mpangilio wake usioguswa na mahakama ya kidunia. Mjadala huo haujaisha. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana kwamba mtoto hakuchagua mazingira ya kuzaliwa kwake.

Lipo pia tatizo lisilokaa vizuri ndani ya kifungu chochote. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022, asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Binti wa miaka 16 aliyebeba mtoto ni mzazi anayedaiwa chakula, malazi na mavazi, na wakati huohuo ni mtoto anayewadai wazazi wake vitu hivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Nyumbani kwa binti kama huyo, kabla ya hukumu na baada yake, mtu anayeamka usiku mtoto akilia mara nyingi si yeye wala aliyempa mimba. Ni mama yake.

Anayemlea

Matanga yakianuliwa, wazee wa ukoo hukaa. Madeni ya marehemu yanatajwa, shamba linatajwa, kisha watoto. Mkubwa ataenda kwa baba mdogo mjini kwa sababu yuko sekondari. Wa kati atachukuliwa na shangazi. Mdogo abaki na bibi. Hakuna anayeandika kitu. Kesho yake basi linaondoka na mtoto ndani yake, begi moja la nguo mapajani.

Sheria ya Tanzania haikuupuuza mkutano huo. Inasema kwamba wazazi wakifariki, wajibu wao unaweza kuhamia kwa ndugu wa upande wowote, au kwa mlezi mwingine, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Kikao cha ukoo kimetambuliwa. Lakini kutambuliwa na sheria na kutambuliwa dirishani ni mambo mawili tofauti. Shangazi anafika hospitali na mtoto anayehitaji upasuaji, anapewa fomu ya ridhaa, anaulizwa: "Wewe ni nani wake?" Anafika kwenye mfuko wa mafao kudai haki za mtoto wa kaka yake, anaulizwa barua ya mahakama. Mtoto anachaguliwa kwenda kidato cha kwanza, fomu inataka sahihi ya mzazi au mlezi, na baba mdogo aliyemlea tangu darasa la pili hana hata kipande cha karatasi kinachomtaja.

Mila zenyewe hazifanani. Waluguru wa milima ya Uluguru wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Kwa makabila mengi yanayofuata upande wa baba, mtoto ni wa ukoo wa baba, na mjane anaweza kukuta watoto wake wamegawiwa bila yeye kuulizwa. Hapo ndipo kigezo cha sheria kinapopaswa kuingia: maslahi bora ya mtoto kwanza. Sheria ya Ndoa inaongeza dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kuonyesha vinginevyo. Kikao cha wazee kinachompokonya mama mtoto wa miaka 3 kinaweza kuhojiwa mahakamani.

Visiwani na mwambao kuna kafala. Katika utaratibu huu wa Kiislamu, familia inamchukua mtoto asiye na wa kumtunza, inamlisha, inamsomesha na kumlea kama wao, lakini mtoto anabaki na nasaba yake. Anaendelea kuitwa kwa jina la baba yake mzazi, na harithi kama mtoto wa damu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 iliutambua, na Kenya ikauingiza katika sheria yake ya 2022. Familia za Kiislamu ambazo zingekataa kuasili, kwa kuwa kuasili kunamhamisha mtoto kwenye nasaba nyingine, zimepata mlango wa kupita na malezi yao yakalindwa na dola.

Mbali na ndugu na kafala, yupo mlezi asiyejihesabu kuwa mlezi. Ni mama mwenye nyumba Tabata au Kariakoo aliyeletewa binti kutoka mkoani "akusaidie kazi". Binti ana miaka 14, ambao ndio umri wa chini kabisa ambao sheria inaruhusu kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Mara nyingi hajafika hata huo. Anaosha vyombo, anambeba mtoto wa tajiri yake, analala sebuleni wengine wakishamaliza kutazama televisheni. Wazazi wake wako umbali wa siku moja kwa basi. Akiugua, nani anampeleka zahanati? Akichelewa kurudi dukani, nani anatoka kumtafuta? Mtu mzima pekee aliye karibu naye ni yule anayemlipa mshahara, na kwa sababu hiyo wajibu umemwangukia yeye, apende asipende. Nyumba ambayo watoto wawili wanavaa sare asubuhi na wa tatu anawafungia kamba za viatu ina watoto watatu, na mwenye nyumba anapaswa kuwahesabu wote.

Anayemwona

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 katika kila 7. Takriban robo tatu ya wote walikuwa wamepigwa, kwa ngumi, mateke au mijeledi. Matendo mengi kiasi hicho hayawezi kufichika kwa kila mtu. Uswahilini ukuta wa chumba ni wa tofali moja, na kilio cha usiku kinasikika nyumba ya pili na ya tatu.

Sheria ya Mtoto inamfuata huyo wa nyumba ya pili. Mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Ni wajibu, na hautofautishi jirani na mwalimu wa madrasa, mchungaji, muuza genge au konda. Simu ya 116 hupigwa bure Tanzania, na Kenya nayo hutumia namba hiyohiyo. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mtoto husikilizwa mbali na kaunta wanakopelekwa walevi na wezi.

Watu hunyamaza kwa sababu zinazoeleweka. Jirani ndiye anayekupa maji yakikatika. Mtuhumiwa ni shemeji, na kesi ikienda polisi ndoa ya dada itavunjika. Ndipo wazee huitwa, faini ya mbuzi au fedha hutozwa, na mambo humalizwa kifamilia. Waliokaa kwenye kikao ni watu wazima watupu na fedha imepokelewa na watu wazima. Aliyeumizwa yuko chumba cha ndani, na kesho atamwamkia yuleyule "shikamoo".

Shuleni kunyamaza kuna sura nyingine, kwa kuwa fimbo ina kibali. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara imeviruhusu kwa kanuni: visizidi 4, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba pochi, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa kosa la mauaji. Kanuni ya viboko 4 ilikuwapo siku ile. Kanuni ya aina hii inategemea mtu mzima wa pili, mwalimu wa darasa la jirani au mwalimu mkuu, atakayesimama na kusema basi. Mzazi naye anaweza kuomba kuliona hilo daftari, na ni wachache wanaojua kwamba linatakiwa kuwapo.

Mifano midogo ipo kila asubuhi. Kituo cha daladala saa 12, wanafunzi wamejazana, konda anawazuia mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo. Mtoto wa darasa la nne anabaki kituoni mpaka saa 2, kisha bodaboda anajitolea kumpeleka bure, leo, kesho na keshokutwa. Abiria waliokuwa wameketi dirishani waliona mwanzo wa habari hiyo. Abiria mmoja akisema kwa sauti "Konda, wapakie watoto", wa pili huitikia, na daladala haiondoki mpaka watoto wamepanda. Wanaopanda daladala kila siku wamewahi kuona hilo likitokea.

Kinachokosekana zaidi ni watu wa kupokea taarifa. Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wake; afisa mmoja anahudumia eneo kubwa, hana usafiri, na wito aliomwandikia baba anaukabidhi kwa mama aupeleke mwenyewe, kwa mwanamume anayemwogopa. Mpango wa kitaifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017, uliagiza kamati za ulinzi ziundwe mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Pale zinapokutana kweli, anayemlea mjukuu bila karatasi anaweza kupata barua ya utambulisho bila kufika mjini, na jirani anajua jina la mtu wa kumfuata. Pale zisipokutana, mtendaji wa kijiji bado yupo ofisini kwake, na anapaswa kuipokea taarifa ya mtoto leo. Wananchi wana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji, bajeti inaposomwa, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kamati hiyo, wajumbe wake ni kina nani, na mara ya mwisho walikutana lini.